Rimu za inchi 20 kwenye sedani ya kifahari iliyoshushwa: unaipamba au unaiua?

MwenyeTano: Wakuu habari. Nina BMW F10 (Series 5), nimeishusha milimita 40 kwa springi fupi, mwaka umepita na inatembea vizuri. Ina rimu zake za kiwandani, inchi 18, 8J (yaani upana wa inchi 8) ET30, tairi 245/45. Sasa nimepata seti ya inchi 20: mbele 8.5J na tairi 245/35, nyuma 10J ET25 na tairi 275/30. Muuzaji anasema zinaingia kama zimezaliwa hapo. Mwenzangu kazini anasema nikizifunga nimeliua gari. Nani mkweli?

LamiTupu: Mwenzako ndiye mkweli. Gari la kifahari watu hulilipia ulaini. Umeshaliondolea ulaini nusu kwa kulishusha, sasa unataka kumalizia nusu iliyobaki. Inchi 20 ni ndefu mno, zitasaga madigadi na spidomita itaanza kudanganya. Na niseme jingine hata kama mtachukia: kila sedani ya kifahari niliyoiona imelala chini na marimu makubwa, mwenyewe kaipata mkono wa tatu au wa nne. Aliyeinunua mpya haichezei.

Bisibisi: Hiyo ya mkono wa tatu umemlenga nani? Langu nililipata lina miaka 11. Nimebadilisha bushi zote za mbele, pampu ya maji, shokapu nne, na kila kitu nimekifunga kwa mikono yangu. Huyo mwenye gari jipya unayemsifu hata kamba ya boneti haijui iko upande gani. Taa ikiwaka anatoa ufunguo, anampa mtu. Sisi wa mkono wa tatu ndio tunaoyaweka haya magari barabarani yakiwa yametupwa na hao unaowatukuza.

LamiTupu: Sikutaja jina la mtu. Nimesema nilichokiona.

Bisibisi: Ulichokiona umekigeuza tusi.

DadaSpana: Mtagombana hadi usiku na mwenye swali hajajibiwa. LamiTupu, umesema inchi 20 ni ndefu mno. Hebu tupige hesabu. 245/45R18 ina kimo cha milimita 678 kutoka ardhini hadi juu. 245/35R20 ina milimita 679 na nusu. Hata milimita mbili hazifiki. Ile ya nyuma, 275/30R20, ina 673, ni fupi kuliko ya sasa. Spidomita haitajua kama kuna kilichobadilika. Rimu ikikua, ukuta wa tairi unapungua, kimo kinabaki palepale, ndiyo sababu ya kubadilisha ile namba ya katikati, inayotaja ukuta kwa asilimia ya upana wa tairi. Kinachopotea ni mto: mbele alikuwa na ukuta wa milimita 110, sasa atabaki na 86. Hapo ndipo shimo litakapomkuta.

LamiTupu: Sawa kaka, kwa hiyo unakubali kwamba ulaini unapotea. Ndicho nilichosema.

DadaSpana: Jina langu limeanza na neno gani?

LamiTupu: Samahani dada. Hoja yangu ipo palepale.

Kioo Cheusi: LamiTupu, unasema aliyenunua gari jipya hachezei rimu. Mercedes S-Class ya W223 inatoka kiwandani kwao na rimu za inchi 21 kwa anayetaka. Mkono wa kwanza kabisa huo. Nao ni wa mkono wa tatu?

LamiTupu: S-Class inakaa juu ya springi za hewa, na wahandisi waliipima na rimu hizo kabla hawajaiuza. Si springi fupi za kufungia nyumbani. Usilinganishe.

Kioo Cheusi: Basi tatizo si ukubwa wa rimu wala si mkono wa ngapi. Umeshahama hoja.

Bisibisi: Na hajaomba radhi kwa ile ya kwanza.

DadaSpana: Kwa kuwa wahandisi wametajwa, ngoja niseme kinachoniuma hasa, maana kila siku watu wanauliza inchi na hakuna anayeuliza ET. MwenyeTano, inchi 20 zako sizigombi. Naigomba 10J ET25. ET ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na pale inapokalia hubu, kile kitovu inapofungwa rimu. Ikipungua, rimu inatoka nje. Yako ya sasa ni 8J. Ukienda 10J umeongeza inchi mbili, inchi moja nje na moja ndani, yaani milimita 25 kila upande. Kisha ET imeshuka kutoka 30 hadi 25, ongeza tano nje. Jumla milimita 30. Sentimita tatu nzima za rimu zinatoka nje kuliko ilivyo leo, kwenye gari ambalo umelishusha sentimita nne.

Sasa angalia BMW wenyewe walivyofanya kwenye F10 hiyohiyo. Walipoweka nyuma rimu ya inchi 19 na ya inchi 20, waliipa 9J ET44. Upana umeongezeka inchi moja, ET imepanda kutoka 30 hadi 44. Piga hesabu: ukingo wa nje umerudi ndani kama milimita moja. Waliupeleka upana wote ndani, kwa sababu walijua madigadi yako wapi. Muuzaji wako anayaelekeza yote nje, halafu anakwambia zimezaliwa hapo.

MwenyeTano: Dada, hilo la ET44 sikuwahi kuambiwa. Lakini nimeona magari mengi yana 10J nyuma na hayagusi.

Bisibisi: Hayagusi kwa sababu yamelazwa kemba, yaani mwinamo wa tairi. Ukishusha gari, tairi za nyuma zinainamia ndani zenyewe, juu inaingia chini ya madigadi. Langu liko hivyo. Ni kweli tairi zinaliwa upande wa ndani, hilo silifichi, kemba ndiyo inayokula.

DadaSpana: Kemba inakula polepole. Anayemaliza tairi ndani ya miezi ni uelekeo, pale tairi mbili za nyuma zinapotazamana au kupeana mgongo. Ukishusha gari vyote viwili vinahama kwa pamoja, ndiyo maana watu wanaisingizia kemba. Ulipofunga springi zako ulipeleka gari alaimenti?

Bisibisi: Nilipeleka. Ya mbele.

DadaSpana: Na ya nyuma?

Bisibisi: Dada, mimi gari nalifahamu, sihitaji kuhojiwa kama mwizi. Lilikuwa linakwenda mstari ulionyooka.

Kioo Cheusi: Gari linaweza kwenda mstari ulionyooka huku tairi za nyuma zinasagwa. Zikikosea kwa kulingana, kushoto na kulia zinavutana na usukani hauoni kitu. Hajakutukana, amekuuliza.

Mzunguko: Naingilia kidogo na la upande wangu, maana lilinitisha. Nina Audi. Nilinunua rimu nzuri tu, mahali nilipofungiwa wakatumia bolti zangu za kiwandani. Bolti za kiwandani za Audi zina kikalio cha mviringo kama mpira, na rimu nyingi za kununua zinataka koni ya nyuzi 60. Zikikutana zinashikana kwenye ukanda mwembamba tu. Siku ya tatu usukani ukaanza kutetemeka, nikasimama pembeni, bolti mbili nazizungusha kwa vidole. Nilikuwa na watoto nyuma. Mercedes ni vilevile. BMW ni koni, kwa hiyo MwenyeTano hapo umepona, lakini pima tundu la katikati: F10 ni milimita 72.6, na E39, Series 5 ya zamani, ni 74.1 ilhali bolti ni tano kwenye duara la milimita 120 kote. Rimu ya E39 itaingia kwenye hubu yako, utadhani imekaa, kumbe inaning'inia kwenye bolti peke yake mpaka uiwekee ringi.

LamiTupu: Hapo sasa mnaona? Bolti, ringi, kemba, ET. Mambo yote haya ya nini? Gari lilitoka limekamilika.

DadaSpana: Gari lilitoka limekamilika kwa rimu za inchi 17, 18, 19 na 20, LamiTupu. Kwenda 20 peke yake si dhambi. Dhambi ni kwenda bila kupima. Na kuna kipimo ambacho hapa hakijatajwa bado: mzigo. 245/45R18 yenye namba ya mzigo 100 inabeba kilo 800. 245/35R20 nyingi zina 95, ni kilo 690, tena zikiwa zimejaa upepo kama inavyotakiwa. Umepoteza kilo 110 kwa kila tairi ya mbele. MwenyeTano, fungua mlango, soma kibati, tazama uzito wa juu wa ekseli ya mbele, ugawe kwa mbili, ulinganishe na hizo 690. Na kama za sasa ni zile za kutembea bila upepo, kumbuka F10 nyingi hazina tairi la akiba. Ukitoka kwenye hizo, pancha ya kwanza ndiyo itakayokukumbusha.

MwenyeTano: Nimerudi. Nimelipakia gari watu wanne, nikaning'iniza uzi wenye nati kutoka ukingo wa madigadi ya nyuma na kupima hadi kwenye rimu. Kushoto nimepata milimita 19, kulia 16. Sentimita tatu za dada hazipo. Nimempigia muuzaji, amesema nikunje ukingo wa madigadi kwa ndani, eti kazi ya dakika kumi. Ni kweli?

DadaSpana: Kukunja ukingo kunakupa nafasi ya unene wa bati lililokunjwa. Hakukupi milimita 14, na rangi isipopashwa moto vizuri inapasuka, kutu inaanzia hapo. Mwambie atafute 9J ET44, au 9J yenye ET ya 40 kwenda juu.

MwenyeTano: Sijazichukua. Natafuta hiyo 9J.

LamiTupu: Kwa hiyo bado ni inchi 20?

MwenyeTano: Bado ni 20, mkuu. Gari nalipenda hivyo.

LamiTupu: Haya. Angalau umepima. Wengi niliowaona hawakupima.

Bisibisi: Wengi uliowaona wa mkono wa tatu, au wengi kwa jumla? Jibu hilo, LamiTupu. Mimi kesho napeleka la kwangu wapime nyuma, dada ana haki. Lakini wewe bado nakusubiri.