Kumbe chakula hupita ndani ya mfupa wa nyonga! Asante sana, Bingwa

Wanajukwaa wenzangu, naandika nikiwa bado na koti jeupe mwilini na moto kifuani. Yule bingwa wa upasuaji mnayemfahamu nyote, ambaye raundi yake huanza saa 1 asubuhi na huisha pale mwanafunzi mmoja anapotamani ardhi immeze, leo amenichagua mimi.

Tulisimama kwenye kitanda cha mzee aliyetolewa kidole tumbo siku 2 zilizopita. Bingwa akauliza utumbo mwembamba huishia na sehemu gani kabla ya kuingia kwenye utumbo mpana. Nikajibu bila kusita kwamba ni iliamu. Jibu lilikuwa sahihi, na lingesalimika lau angeniacha hapo, lakini alinipa kalamu akasema, "Iandike." Nikaandika. Akavua miwani, akamgeukia mgonjwa na kumwambia kwa upole wa kutisha: "Mzee wangu, mwenzetu huyu anatufahamisha kwamba chakula chako hupita ndani ya mfupa wa nyonga." Mzee alicheka hadi akaushika mshono kwa mikono miwili, muuguzi akageukia ukutani mabega yakimtikisika, na naapa hata dripu iliacha kudondoka ili isikie vizuri.

Herufi moja! Katika maandishi ya kitabibu ya Kilatini, iliamu ya utumbo ina e katikati (ileum) na iliamu ya mfupa ina i (ilium), na zikitamkwa hakuna sikio linaloweza kuzitofautisha, hasa kwa matamshi ya Bingwa mwenyewe. Tena ni majirani: anayetafuta mahali kidole tumbo kinapouma hupima kutoka ncha ya mbele ya mfupa huo wa nyonga kuelekea kitovuni, akifika theluthi ya njia anabonyeza, na chini ya kidole chake, karibu kabisa, ndipo utumbo mwembamba unapoishia. Nimekariri mifupa 206 na jozi 12 za neva za kichwani, halafu nimeangushwa na herufi.

"Ndani ya mfupa wa nyonga." Mbele ya mgonjwa! Mgonjwa mwenye mshono wa siku 2! Ungefumuka, angeshtakiwa nani? Kufikia saa 6 mchana wodi nzima ilikuwa inaniita Dakta Nyonga.

Kisu Butu: Pole sana, Dakta Nyonga. Mshukuru Mungu, kwa sababu darasa letu lingekuita Kinyonga hadi siku ya mahafali.

Nesi wa Zamu: Wewe umekosea herufi tu. Mimi nilimsikia mwanafunzi akiwaeleza ndugu kwamba mama yao "ametolewa kolostomi," ilhali neno likiishia na -ostomi kuna tundu limefunguliwa, na likiishia na -ektomi ndipo kuna kitu kimekatwa na kuondolewa. Ndugu wakaomba wakabidhiwe hiyo kolostomi wakaizike kwa heshima. Nani aliyetumwa kuwaeleza? Ni mimi, na zamu yangu ilikuwa imekwisha.

Mleta mada: Dada yangu, hao ndugu hawakushika mshono. Mzee wangu aliushika.

Bucha la Kona: Nimepasua ng'ombe miaka 20 na hakuna aliyeniita daktari. Maini, figo, kongosho na bandama navifahamu nikiwa nimefumba macho. Kwenye sufuria ya supu yangu zimo iliamu zote mbili, ya mfupa na ya utumbo, wala hakuna mteja aliyewahi kuniuliza herufi.

Mwaka wa Tano: Kilatini kina nafuu. Malalamiko yangu ni kuhusu neno mshipa, ambalo kwa Kiswahili ni ateri, ni vena, ni neva, na kama hayo hayatoshi, ni ngiri pia. Mgonjwa aliniambia kwamba mshipa unamsumbua, nikautazama mkono wake kwa dakika 10 nikiutafuta, na yeye kwa adabu akaninyamazia hadi mkewe alipoonyesha chini kwa kidole.

Kisu Butu: Dakika 10? Ulikuwa unasoma viganja?

Nesi wa Zamu: Bucha, umetaja bandama. Jina lake ni wengu.

Bucha la Kona: Wengu ni la vitabuni, shangazi. Hapa kwangu ukiomba wengu utaondoka mikono mitupu.

Mwaka wa Tano: Mimi nilifundishwa kwamba bandama ni kongosho.

Nesi wa Zamu: Nani amekufundisha hivyo, na sasa anatibu wapi?

Mleta mada: Jamani, naomba turudi kwenye mada. Alisema ndani ya mfupa wa nyonga, mbele ya

Bucha la Kona: Dakta Nyonga, tusubiri kidogo, tuko kwenye bandama.