Minyoo wasio na mdomo wanakulaje?

Swali: Wadau, jana nimetazama kipindi cha televisheni kuhusu chemchemi za maji ya moto chini ya bahari, kule Galápagos (visiwa vya Bahari ya Pasifiki). Kuna minyoo warefu kunizidi, hawana mdomo wala utumbo! Sijalala vizuri. Wanaishije?

Jibu: Bakteria walio ndani ya miili yao ndio wanaowatengenezea chakula, kwa nguvu ya salfidi ya hidrojeni (gesi inayonuka kama yai bovu, itokayo kwenye chemchemi) badala ya mwanga wa jua. Chemchemi hizo ziligunduliwa 1977, kina cha mita 2,500 hivi, kwa nyambizi Alvin. Msafara ule ulikuwa wa wanajiolojia, mwanabiolojia hakuwemo.

Jibu: Wekundu wa mashungi yaliyo kwenye ncha ya miili yao ni hemoglobini (kinachobeba oksijeni), kama damu yetu.

Muulizaji: Ahsanteni sana! Na chemchemi ikizimika, watoto wao huipataje nyingine gizani?