Kuna mtu hapa Mwanga kachomeka njiti kwenye daftari langu. NJITI!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana wa kijiwe cha kahawa, yule mjuaji wa kila kitu, sina haja ya kumtaja, Kigoma nzima mnamjua. Leo kanivua nguo mbele za watu.

Miezi minane natunga hadithi ya Wachuguu, watu-mchwa wanaoishi kwenye mahandaki kuanzia Ujiji mpaka chini ya milima ya Gombe. Wafanyakazi wao vipofu. Askari wana taya kubwa mpaka hawawezi kujilisha, lazima watiliwe mdomoni, na hatari ikija wanagonga vichwa ukutani kupeana habari. Malkia hajaona jua tangu usiku wa harusi yake. Ramani nimechora! Kamusi ya lugha yao ninayo, kurasa 40!

Nikawasomea sura ya vita, pale askari wanapoziba handaki kwa miili yao. Kimya. Muuza kashata kaacha hata kuhesabu chenji. Ndipo yule bwana akachomoa njiti kwenye fagio la chelewa, akaichomeka katikati ya daftari langu, akaitoa taratibu, akailamba.

AKAILAMBA, wakuu. Halafu: "Jeshi lako lote hili sokwe wa Gombe analimaliza kabla ya chai."

Kijiwe kikalipuka. Kuna mzee kajimwagia kahawa mapajani na bado anacheka. Mimi nimesimama na daftari lina mate. Ukurasa wa malkia! Na aliilamba polepole, kama anaonja mchuzi.

Mgebuka Mkavu: Pole mkuu, ila nimecheka mpaka mtoto kaamka. Tangu 1960 Jane Goodall alipowaona sokwe wanavua mchwa kwa vijiti, mbinu za kuwamaliza watu wako zinajulikana dunia nzima.

Mleta uzi: Wewe ndiye yeye. Nimekujua.

Asali ya Miombo: Mimi wa Tabora. Huku Wachuguu wako wakiota mbawa mvua za kwanza tunawawekea taa na beseni la maji. Asubuhi kikaangoni, chumvi kidogo. Hiyo sura ya vita tungeishushia na ugali.

Binti Ujiji: Kwani mchwa si sisimizi tu walionenepa?

Mwalimu wa Zamu: Hapana dada. Sisimizi ni jamaa wa nyuki, mchwa ni ukoo wa mende. Kwa hiyo mleta uzi miezi minane katunga hadithi ya mende.

Mleta uzi: MADA NI NJITI. Mtu kalamba daftari la mwenzie!

Fundi Bila Kazi: Nyie chekeni. Mimi mchwa wamekula fremu tatu za milango. Yule muuza mbao aliniapia kwa mama yake kwamba ni mninga.

Asali ya Miombo: Mninga wa kweli mchwa anauzunguka anaondoka. Umepigwa.

Binti Ujiji: Yule mwenye kofia? Kaniuzia kitanda, mwezi wa pili ukikilalia unasikia kinatafunwa!

Fundi Bila Kazi: Huyo huyo! Tumfuate kesho.

Mleta uzi: Wakuu, ukurasa wa malkia umekauka lakini umejikunja.

Asali ya Miombo: Mimi naweza kuleta mninga halisi, mnipe mawese. Dumu la lita ishirini huko kwenu linakwendaje siku hizi?