Tangazo la filamu ya mapanga katikati ya taarifa ya saa moja: nani aliruhusu?

MamaZuhura, Kisauni
Jana saa moja na robo jioni tuko mezani, taarifa ya habari imekwenda mapumziko. Likapita tangazo la sabuni, likapita la unga, mara mwanamke anaburutwa kwa nywele na panga linashuka. Kisha sauti nzito: "Ijumaa hii, usikose!" Mwanangu wa miaka sita alibaki na kijiko hewani. Usiku kaamka mara mbili kuniuliza kama mlango umetiwa komeo. Filamu yenyewe wameipanga saa nne na nusu usiku kwa kuwa si ya watoto. Basi tangazo lake linatafuta nini saa ya chakula?

BabaKevo
Rimoti unayo, dada. Zima. Nyumba ambayo mama yupo, tivi haiwezi kumtisha mtoto. Siku hizi watoto wanalelewa na yaya na skrini, halafu lawama tunaitupia serikali.

Binti wa Likoni
"Nyumba ambayo mama yupo"? Hebu rudia kusoma. Alikuwa meza moja na mtoto wake! Na baba je, rimoti haimhusu?

FundiDishi, Nakuru
Mimi kazi yangu ni kufunga ving'amuzi, mwaka wa tisa huu. Wazazi wengi huniomba niwawekee namba ya siri. Lakini kufuli ile hufuata alama ya kipindi. Kikiwa cha 18, kinafungwa. Taarifa ya habari haina alama hiyo, kwa hivyo chochote kitakachochomekwa katikati yake kinapita. Na mpaka uipapase rimoti, panga limeshashuka.

BabaKevo
@Binti wa Likoni, nimesema mama kwa sababu aliyelalamika ni mama. Mimi kila jioni niko nyumbani na wanangu. Sitafundishwa ubaba na mtu nisiyemjua.

Omari_K
Sheria si inasema mambo ya wakubwa ni baada ya saa tatu?

Mwalimu Mstaafu
Saa nne, mwanangu. Kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano zinataka kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku kinachorushwa kiifae familia nzima. Na mnakumbuka 2016, Bodi ya Uainishaji wa Filamu chini ya Ezekiel Mutua ilivyoshikilia mpaka busu likaondolewa kwenye tangazo la Coca-Cola. Busu! Leo panga linapita watoto wakiwa na matonge mkononi.

Omari_K
Lile la soda si lilipigwa marufuku kabisa?

Mwalimu Mstaafu
Kilichoondolewa ni kipande cha kubusiana. Tusiongeze chumvi.

Achieng_mlezi, Thika
Hilo neno la "yaya na skrini" limeniuma sana. Mimi ni yaya. Nimelea watoto wa watu tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Saa moja jioni wazazi wako kwenye foleni barabarani, mimi ndiye huwafunika watoto macho kwa leso damu ikitokea. Mtoto akiota vibaya hugonga mlango wangu. Baba Kevo, unatulaumu kwa lipi?

BabaKevo
Sikukusudia wewe, dada.

Binti wa Likoni
Ulimkusudia yaya gani basi? Na mnaowaajiri mnawalipa tarehe ngapi? Tuanzie hapo.

KipKorir
Mimi huyu wangu humlipa tarehe 30, hajawahi kudai. Ila turudi kwa tivi. Taarifa yenyewe ina ajali na maiti kila siku, mbona hamlalamiki? Filamu ni uongo, mtoto aelezwe hivyo.

MamaZuhura, Kisauni
Taarifa hutuonya kwanza: picha zinazofuata huenda zikakuudhi. Nikisikia hivyo namtuma jikoni achukue maji. Tangazo halipigi hodi. Na mtoto wa miaka sita mweleze uongo mchana, usiku atauona kweli.

Achieng_mlezi, Thika
Kaka KipKorir, asante. Wengine tunapewa nusu, tunaambiwa nyingine umekula.

Binti wa Likoni
Na kula ni haki yake! Nani huyo anayekata chakula kwenye mshahara?

Mwalimu Mstaafu
Binti, hayo yana mahali pake. Mama Zuhura, andika kwa kituo kwanza, maana wanatakiwa wawe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Taja siku, saa na kilichoonekana. Wakikaa kimya, peleka kwa Mamlaka.

MamaZuhura, Kisauni
Nimeshaandika, mwalimu. Jumanne, saa 1:17 jioni. Nani mwingine aliliona? Barua ya mtu mmoja wataiweka kando.

BabaKevo
Mimi yaya wangu anakula mezani na sisi, ulizeni majirani.