Tupeane uzoefu: pikapu ya kabureta inayokata nguvu ukikanyaga mafuta

MsafiriWaTope
Wakuu, habari za Jumapili. Kuna Hilux ya zamani, zile za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), imepita hapa mtaani sasa hivi, dereva akikanyaga mafuta inaguna na kukohoa, akiachia inatulia. Nimekumbuka mbali. Mliowahi kumiliki gari hizi mnaijua hali hiyo: ikiwa sailensa, yaani imewaka bila kukanyagwa mafuta, inaunguruma vizuri, tambarare inakimbia, ila siku una mzigo na mlima uko mbele, ukikanyaga mpaka chini nguvu inakata, kabureta inapiga chafya, na nyuma kuna basi linakupigia honi.

Yangu ilikuwa Datsun 1200. Tulibadilisha plagi, koili, kondensa, pointi, wapi! Fundi mmoja mtaratibu akaniambia nitazame kile kidirisha cha kioo kwenye kabureta wakati yeye anashikilia resi ya juu. Mafuta yalikuwa katikati ya kioo, resi ikipanda yanashuka mpaka hayaonekani. Akaufuata mpira wa mafuta hadi kwenye tangi. Kwa nje mzima kabisa, kwa ndani umelainika, pampu ikivuta kwa nguvu unajifinya. Kipande cha mpira tu!

Waliopitia haya njooni. Ilikutokea wapi, na mwisho wa yote ilikuwa nini?

Chachandu
Hapo kwenye basi la nyuma umenigusa.

Kijana wa Mazeras
Kwetu ni pale ukitoka Mombasa unaanza kupanda Mazeras. Babangu alikuwa na Peugeot 504 pikapu. Akashikilia kwamba ni filta ya mafuta, akaitoa kabisa. Ikapata nguvu kweli, kwa muda. Kisha kutu ya tangi ikaingia moja kwa moja na kuziba jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, ikawa hata tambarare haiendi.

Jongwe
Mimi natembea bila filta miaka yote na sijawahi kukwama. Toa filta, endesha gari.

Kijana wa Mazeras
Tangi lako halina kutu, ndugu. Usimfundishe mtu mwenye tangi la mwaka 1979 kufanya hivyo.

Mnyalukolo
Ngoja niwaambie ya Kitonga, ule mlima wa kona njia ya Iringa.

Tulikuwa tunasafirisha mwili wa baba yetu mdogo kutoka Morogoro kwenda Iringa. Hilux, injini 22R ya kabureta. Nyuma jeneza na ndugu wamelizunguka, mbele dereva, shangazi na mimi. Mikumi tumepita vizuri. Ruaha Mbuyuni tukasimama, watu wakanywa chai, tukaongeza petroli ya dumu. Tunaanza mlima, giza limeshaingia.

Kona za mwanzo sawa. Halafu dereva akikanyaga, gari inakata. Akarudi gia namba mbili, ikaenda kidogo, ikakata. Akarudi namba moja, ikazima kabisa, tena kwenye kona, malori yanapanda nyuma yetu na mengine yanashuka yananuka breki. Utingo akaruka na kigingi.

Tukasubiri. Ikawaka bila shida yoyote, ikasogea, ikazima. Ikawa hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa nyuma wakaanza kulia upya. Mjomba akasema kwa sauti: marehemu hataki kuzikwa Iringa, alitaka azikwe Morogoro alikojenga. Na ndio ulikuwa ugomvi wa ukoo tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna aliyemjibu. Shangazi akashuka, akaenda nyuma, akashika jeneza, akaanza kusema naye kwa Kihehe. Anamwomba aturuhusu tumfikishe kwa wazazi wake. Nilitetemeka, wakuu. Sijawahi kusikia mtu akiongea na marehemu vile.

Wakati huohuo dereva alikuwa ubavuni mwa gari anafungua tangi apime mafuta kwa kijiti. Alipozungusha tu mfuniko, tangi likavuta hewa, fyuuuu, mpaka utingo akaruka. Chini ya mfuniko kulikuwa na nailoni! Aliyetuuzia dumu aliiweka pale petroli isimwagike mlimani. Hewa haiingii, pampu inavuta mpaka inashindwa. Ukisimama hewa inapenya kidogo kidogo, ndiyo maana ilikuwa inawaka tena. Dereva akatoa nailoni, akawasha, tukapanda mpaka Ilula bila kusimama.

Shangazi hadi leo anasema ni maneno yake. Dereva anasema ni nailoni.

Chachandu
Nimesoma hii nimesimama. Poleni sana mkuu.

Jongwe
Ni nailoni. Tusiwape watu imani za ajabu hapa.

Binti wa Soni
Jongwe, hakuna aliyekataa nailoni. Lakini wale waliokaa na jeneza gizani Kitonga walihitaji yale maneno ya shangazi. Heshimu msiba wa mwenzio.

Jongwe
Msiba nauheshimu. Nasema mfuniko wa tangi uwe na tundu la hewa, basi.

Mama Pacha
Mnyalukolo, na ule ugomvi wa wapi azikwe uliishaje? Upande wa Morogoro walikuja mazishini?

Mnyalukolo
Walikuja, mama. Baada ya Kitonga hakuna aliyebishana tena.

Fundi Mstaafu
Poleni vijana, japo ni msiba wa zamani. Sasa turudi kwenye gari, maana watu wanapoteza hela nyingi kwa jambo hili.

Ikianza kukata, vuta choki nusu (ile inayobana hewa ili petroli izidi) huku mguu uko palepale. Ikipata nguvu, injini ina njaa ya mafuta: angalia mfuniko, mpira, filta, pampu, kimo cha floti (boya la ndani ya kabureta linalopima petroli), jeti. Ikizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, mafuta yamezidi au hewa haipiti. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara inatosha kukufikisha huko. Ukiwa mahali salama, zima gari papo hapo inapokata, usiiache sailensa, fungua plagi. Nyeupe, mafuta machache. Masizi meusi, yamezidi.

Na msichanganye haya mawili. Inayosita pale tu unapokanyaga, halafu ikaendelea vizuri, ni ile pampu ndogo ya kabureta yenyewe, mara nyingi diaframu, ule utando wake wa mpira, imechanika. Inayopanda vizuri kwanza ndipo ikakata katikati ya mlima, bakuli la floti linakauka haraka kuliko linavyojazwa. Nimeona watu wakinunua kabureta nzima kwa sababu ya diaframu.

Binti wa Soni
Shikamoo mzee. Baba alikuwa na Land Rover Series III ya petroli, kutoka Mombo kupanda Soni na mzigo wa simenti. Pampu yake ina kikombe cha kioo kwa chini. Kila safari baba alikifungua, maji na uchafu umekaa humo. Kukiwa na jua kali alifunga kitambaa kibichi kwenye pampu, na kweli ilisaidia.

Fundi Mstaafu
Marahaba binti. Baba yako alijua kazi. Petroli ikipata moto inageuka mvuke kwenye bomba, na pampu haiwezi kuvuta mvuke.

Jongwe
Fungeni pampu ya umeme muachane na vitambaa.

Fundi Mstaafu
Pampu ipi? Kabureta inataka msukumo wa psi 3 hadi 5 hivi. Watu wanatoa pampu ya gari la EFI, yaani lisilo na kabureta, linalopuliza petroli kwa umeme, inasukuma psi 40, sindano ya floti inayozuia petroli haifungi, petroli inamwagika juu ya injini ya moto. Gari linaungua hilo.

Jongwe
Kuna za psi ndogo madukani, mzee.

Fundi Mstaafu
Basi taja hivyo tangu mwanzo. Watu wanasoma hapa na kwenda kufunga.

Kijana wa Mazeras
Mimi nasema uza, nunua ya dizeli.

Mama Pacha
Wenye shamba la nyanya na pikapu moja wauze wapate nini?

Mtu wa Gairo
Wakuu, yangu ni tofauti kidogo. Nikikanyaga mlimani resi inapanda juu kabisa, injini inalia, ila gari haliongezi mwendo. Fundi amesema tufungue kabureta kesho.

Fundi Mstaafu
Mwanangu, usifungue kabureta. Injini yako ina nguvu, ila haifiki kwenye magurudumu. Simama tambarare, vuta hendibreki, ingiza gia namba nne, tia resi kidogo, achia klachi taratibu. Injini ikiendelea kuunguruma badala ya kuzima, klachi imekwisha.