Perushi wa Koko amesema nini?

*Kikundi: Familia ya Koko, Nguba (Bukavu)*

Jumapili

[18:41] Zawadi: Habari za jioni familia. Leo tunafunga wiki ya sita na perushi wa bibi yetu Koko, yule kasuku mdogo, hajasema hata neno moja. Kila asubuhi naweka simu kando ya kizimba, sauti yangu inarudia «Bonjour Koko, bonjour Koko» nusu saa nzima. Yeye ananipa mgongo na kunya.

[18:43] Amani: 😂😂 Si amekujibu

[18:44] Baba Mudogo Cikuru: Yule aliyewauzia aliapa ndege wake anajua lugha tatu. Tatu! Shefu wetu wa avenyu mwenyewe ana mbili, na ya pili anaisukuma.

[18:46] Mama Mukubwa Nsimire: Na ile pesa ingekuwa sambaza (dagaa) ya wiki mbili.

[18:47] Zawadi: Mama Mukubwa, Koko ndiye aliyempenda. Mimi nilibeba kizimba tu.

[18:52] Yaya Neema: Zawadi, mpige picha ya uso kwa karibu. Nataka kuona pua.

[18:55] Zawadi: 📷 Picha

[19:01] Yaya Neema: Vizuri. Ile ngozi iliyo juu ya mdomo, yenye matundu ya pua, ina rangi ya zambarau inayoelekea waridi, sawasawa kote, bila weupe kuzunguka matundu. Na mistari ya kichwani bado inashuka mpaka kwenye mdomo. Basi ni mtoto, hajafika miezi minne, na anaelekea kuwa dume. Akikomaa hiyo ngozi itakuwa buluu. Jike huanza na weupe, kisha inageuka kahawia. Jike anaweza kuokota neno moja au mawili, lakini kwa perushi msemaji ni dume.

[19:02] Baba Mudogo Cikuru: Dume ndiye msemaji? Ndege wa ajabu huyo.

[19:03] Mama Mukubwa Nsimire: Cikuru, hesabu kwanza ujumbe wa leo humu, tuone nani ameandika mingi.

[19:04] Amani: 🙈

[19:10] Yaya Neema: Zawadi, hiyo simu izime. Nilifuga perushi miaka saba kabla sijaolewa, nami nilianza na kosa hilohilo. Kwao Australia wanaruka makundi kwa makundi wakifuata mvua na mbegu za majani. Perushi anaiga sauti za wenzake ili awe mmoja wao. Simu si mwenzake. Inapiga kelele, haimwangalii, haimpi kitu. Kaa naye wewe, uso kwa uso, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, neno lilelile, kwa furaha, kama unamwita mtu. Tena ondoa kile kioo nilichokiona kwenye picha. Akishapata rafiki kwenye kioo, wewe atakuhitaji kwa nini?

[19:13] Zawadi: Na tukimnunulia mwenzake?

[19:15] Yaya Neema: Wakiwa wawili watapiga porojo zao kwa kiperushi na Kiswahili chenu hawatakihitaji. Ila akibaki peke yake ujue deni ni lenu: ninyi ndio kundi lake. Nyumba isibaki kimya kutwa.

[19:16] Zawadi: Koko anasema hiyo si shida, yeye anazungumza hata na sufuria.

[19:22] Amani: Mimi huku Lubumbashi nimesoma kidogo. Kulikuwa na perushi mmoja Newcastle, Uingereza, anaitwa Sparkie, alishinda mashindano ya BBC mwaka 1958. Alijua maneno zaidi ya 500. Na mwingine wa California, Puck, alikufa 1994 akiwa na maneno 1,728.

[19:23] Baba Mudogo Cikuru: Huyo alikuwa mbunge.

[19:29] Baba Mudogo Cikuru: Sasa sikilizeni. Hapa Goma kuna kijana ana kasuku wa kweli, wa kijivu, mkia mwekundu, ametoka naye Walikale. Anamtoa kwa bei ya kirafiki. Hao ndio wanaosema kama mtu. Nimtume kwa boti Alhamisi?

[19:30] Mama Mukubwa Nsimire: Kasuku njo ndege! Muzee mumoja kule kwetu alikuwa naye, ilikuwa inaita batoto kwa majina wakati wa kula. Tulikuwa tunakimbia, tunakuta chungu hata hakijatelekwa.

[19:41] Yaya Neema: Baba Mudogo, nisamehe, mimi ni mtoto mbele yako, lakini huyo hapana. Nilifika Lwiro, kule baada ya Kavumu, kwenye kile kituo kinacholea masokwe walionusurika. Wana kasuku pia, walionyang'anywa wafanyabiashara. Niliona mmoja amekatwa manyoya ya bawa kwa mkasi, ovyoovyo, kama mtu anayekata nyasi. Wengine wananaswa kwa gundi inayopakwa matawini, na pembeni amefungwa kasuku mwingine ili aite wenzake. Wengi wanakufa njiani, yule mmoja anayefika Goma ndiye mnamwona. Tangu Januari 2017 CITES, ule mkataba wa mataifa unaolinda wanyama na mimea ya porini dhidi ya biashara, umefunga biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini. Tena kasuku anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Koko ana miaka 78. Atamrithi nani?

[19:44] Baba Mudogo Cikuru: Mimi niliuliza tu.

[19:45] Baba Mudogo Cikuru: Bei ilikuwa nzuri.

[19:45] Mama Mukubwa Nsimire: Cikuru.

[19:46] Baba Mudogo Cikuru: Basi, yameisha.

[19:58] Yaya Neema: Zawadi, nimerudi kwenye ile picha. Nyuma ya kizimba naona babula (jiko la makala). Ndege anakaa jikoni??

[20:00] Zawadi: Ndiyo, kuna joto na Koko yuko humo muda wote.

[20:04] Yaya Neema: Mtoe usiku huuhuu. Moshi wa makala kwetu ni kikohozi, kwa kifua cha ukubwa wa kidole gumba ni kifo. Wale wachimba makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wanashuka shimoni na ndege ili aanguke kabla yao. Walifanya hivyo mpaka 1986. Na zile sufuria nyeusi zisizoshika chakula, zikiungua tupu motoni, mvuke wake unamuua kwa dakika chache. Mpeleke sebuleni, mbali na dirisha lenye upepo.

[20:06] Yaya Neema: Anakula nini?

[20:07] Zawadi: Bulo, ile nafaka ya punje ndogo, ya soko la Kadutu, na lengalenga (mchicha) kidogo. Na Koko anamgawia avoka yake.

[20:07] Yaya Neema: AVOKA??

[20:08] Amani: Ooh 😬

[20:09] Yaya Neema: Zawadi, lini? Kiasi gani?

[20:11] Zawadi: Nimemuuliza. Anasema leo mchana alimpa kwa ncha ya kijiko, akagusa akakataa, akafuta mdomo kwenye fimbo ya kizimba. Anasema «hata ndege wa leo wanachagua».

[20:14] Yaya Neema: Mungu ni mkubwa. Avoka ni sumu kwa ndege, inashambulia moyo. Kipande kidogo kinatosha. Mwambie Koko kwa heshima zote: avoka ni yake peke yake. Chokoleti na kahawa vilevile hapana. Usiku huu mwangalie. Ukimwona amejikunja chini ya kizimba, anahema kwa nguvu, nipigie hata saa nane.

[20:20] Zawadi: Koko amenyamaza. Sasa anasema: kwetu mgeni huwezi kula mbele yake bila kumgawia. Nimpe nini?

[20:22] Yaya Neema: Lengalenga iliyooshwa. Au punje za bulo mkononi. Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote, ajifunze kuja.

Jumatatu

[06:12] Zawadi: Ameamka mzima, anapiga kelele. Kizimba kiko sebuleni.

[06:13] Yaya Neema: Aksanti Yesu. Sikulala.

Jumamosi, wiki tatu baadaye

[07:33] Zawadi: FAMILIA. AMESEMA. Nilikuwa nasuka nywele, nimeacha simu inarekodi.
🎤 Sauti (0:09)

[07:35] Amani: Nasikia jogoo wa jirani.

[07:36] Zawadi: Baada ya jogoo!! Sekunde ya tano. «Bonjour Koko». Wiki tisa zangu hizo.

[07:40] Mama Mukubwa Nsimire: Anasema «Baraka». Anaita mutoto wangu. Sikilizeni vizuri, ba-ra-ka.

[07:41] Amani: Baraka hajakanyaga huko tangu Pasaka, Mama Mukubwa.

[07:43] Baba Mudogo Cikuru: Mimi nasikia redio inayotafuta stesheni.

[07:49] Yaya Neema: Ndivyo wanavyosema, Baba Mudogo. Hana midomo wala nyuzi za sauti kama zetu, sauti inatengenezwa chini kifuani, pale koo la hewa linapogawanyika. Na anakimbiza maneno. Amani, una programu ya kupunguza mwendo?

[08:05] Amani: Ninayo. Nimeishusha mpaka nusu.
🎤 Sauti (0:18)

[08:07] Amani: Jogoo amekuwa ng'ombe 😂 lakini sikieni baada yake

[08:09] Zawadi: …

[08:10] Zawadi: Hapana.

[08:11] Mama Mukubwa Nsimire: «Kula baba. Kula baba kula.»

[08:12] Mama Mukubwa Nsimire: Huyo ni mama!! Njo vile alikuwa anatuambia na buyi (uji) yetu!

[08:14] Baba Mudogo Cikuru: Hata ule mvuto wa mwisho, «kulaaa». Nimesimama hapa barabarani nacheka peke yangu, watu wa pikipiki wananiangalia.

[08:20] Yaya Neema: Zawadi, usilie. Ulifanya vizuri. Lakini ona: Koko anamwambia hayo na bulo iko mkononi, anamtazama, mara ngapi kwa siku? Yule mwanasayansi Bibi Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua kasuku wake Alex dukani mwaka 1977, wakafanya kazi pamoja mpaka Alex alipokufa 2007. Alimfundisha kwa watu wawili kuzungumza mbele yake, mmoja anauliza kitu hiki nini, mwingine akijibu sawa anapewa. Kasuku alitaka kuingia kwenye mazungumzo. Wengine aliowawekea kanda peke yake hawakujifunza. Tena wafugaji wengi wanasema sauti za K na B wanazishika haraka. «Kula baba» ina zote mbili.

[08:24] Zawadi: Koko anasema yeye hajamfundisha mtu. Alikuwa anamlisha tu.

[08:25] Zawadi: Tena anacheka sana, mpaka ameshika ukuta.

[08:31] Amani: Sasa mwambie Koko asitukane mbele yake wapangaji wakichelewesha pesa.

[08:33] Zawadi: Umechelewa. Nadhani ile sekunde ya nane si jogoo.

[08:34] Baba Mudogo Cikuru: Amani, ipunguze tena.

[08:34] Mama Mukubwa Nsimire: AMANI USIIPUNGUZE.

[08:52] Amani: 🎤 Sauti (0:36)