Naomba ushauri: hijabu na siasa za Iran darasani

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia kidato cha sita na nimekwama kwenye mada ya Iran. Mwaka 1936 mfalme Reza Shah alipiga marufuku hijabu, polisi wakawavua wanawake mitandio barabarani. Mwaka 1978 hata wanawake wasomi wasiojitanda walivaa chador (vazi la kujifunika mwili mzima) kumpinga mwanawe aliyemrithi ufalme. Machi 1979, baada ya mapinduzi, maelfu ya wanawake waliandamana Tehran wakikataa kulazimishwa kuivaa, na 2022, baada ya kifo cha Mahsa Amini, binti aliyekamatwa na polisi wa maadili kwa sababu ya hijabu, mitandio ikachomwa moto.

Nilijaribu mdahalo, ukageuka ubishi wa nani ana dini zaidi (nusu ya mabinti wangu wanajitanda, wakajiona wanasemwa wao).

Je, nianze na sheria za dola au na wanawake wenyewe? Na Algeria ya 1958, Wafaransa walipowavua wanawake hadharani, itasaidia au itawachanganya?